Kipande cha Shingo ya Mama Pacha

Fundi Baridi alikuwa amelala chali nyuma ya friji ya mteja. Miguu tu ndiyo ilionekana. Watu wa mtaa walimwita Baridi kwa sababu ya kazi yake, maana yeye mwenyewe alikuwa mwepesi wa kuchemka.

"Baba Pacha, toka huko," mke wake alimwita. "Nina karatasi. Nataka tuisome pamoja."

Mama Pacha alikuwa mshonaji. Alikuwa na uvimbe shingoni, mkubwa kama limau. Siku hiyo alitoka hospitali, na upasuaji wake ulipangwa Alhamisi.

Fundi alijifuta mikono, akasoma taratibu. Uvimbe ukishatolewa, maabara itaupima kujua ni ugonjwa gani. Kipande kitakachobaki, hospitali iliomba ruhusa ya kukihifadhi kwa ajili ya utafiti, na kuwagawia pia watafiti wa nchi nyingine.

"Wakihifadhi wapi?"

"Kwenye friji."

"Friji!" Spana ilimponyoka. "Nyama ya mke wangu ikae na soda za manesi? Halafu kesho waiuze? Usitie saini!"

"Sijatia. Lakini shingo ni yangu, mume wangu. Twende tukaulize kwanza. Nikishaelewa, nitakataa au nitakubali."

Asubuhi iliyofuata walipokelewa na mtunza sampuli, mama mfupi mcheshi aliyepandisha miwani kichwani.

"Karibuni. Ulizeni lolote, hata lile mnaloliona la aibu."

Fundi hakungoja. "Mnauza?"

"Hatuuzi, baba. Na anayetoa halipwi. Anatoa kwa hiari yake."

"Nikikataa, je?" aliuliza Mama Pacha. "Mtanipasua kweli?"

"Utapasuliwa Alhamisi ileile, na daktari yuleyule. Kukataa si kosa."

"Na jina langu? Sitaki mtaa mzima ujue."

Mtunza sampuli alitoa kichupa kidogo kuliko kidole cha mwisho. Kilikuwa na namba tu.

"Jina haliandikwi hapa. Orodha ya majina na namba imefungwa. Tunaoweza kuifungua ni wawili tu. Mtafiti hapewi jina."

"Sasa kwa nini mgawie watu wa mbali?" Fundi alidakia.

"Kwa sababu uvimbe mmoja hausemi mengi. Watafiti wanalinganisha mamia, na hospitali moja haina mamia. Ndiyo maana tunagawana. Lakini kila ombi hupitiwa kwanza na kamati ya maadili. Na anayepewa husaini mkataba kwamba atatumia kwa kazi aliyoiomba tu."

"Nikibadili mawazo?" aliuliza Mama Pacha.

"Unatuambia, nasi tunateketeza kilichobaki. Ila matokeo yaliyokwisha kupatikana hatuwezi kuyafuta. Nakwambia mapema, usije ukasema nilikuficha."

Mama Pacha aliitikia kwa kichwa. Alipenda mtu asiyezunguka.

Fundi alibaki na swali moja. "Umeme ukikatika?"

Mtunza sampuli aliwapeleka kwenye dirisha la kioo. Ndani yalisimama majokofu marefu kama makabati. Namba nyekundu zilionyesha nyuzi themanini chini ya sifuri.

"Jenereta inawaka yenyewe. Joto likipanda, king'ora kinalia na simu yangu inalia. Lile la mwisho ni tupu, la dharura."

Fundi alibandika pua kwenye kioo. Alikagua jokofu moja baada ya jingine.

"Lile la pili," alisema mwishowe, "mpira wa mlango umechoka. Ona barafu ilivyoota pembeni."

Mtunza sampuli alishusha miwani, akatazama, akaandika haraka. "Namwita fundi wetu leo hii. Asante sana, baba."

Fundi alitabasamu hadi masikioni. "Mama Pacha, nadhani sasa unaweza..."

Lakini Mama Pacha alishashika kalamu, anajaza karatasi. Kuhifadhi: ndiyo. Kugawia watafiti wa nchi nyingine: ndiyo. Kupigiwa simu likionekana jambo la afya yake: ndiyo, tena haraka! Kutumia picha ya shingo yake kwenye mafunzo: hapana.

"Hapana yako tutaiheshimu sawa na ndiyo zako," alisema mtunza sampuli.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Maabara haikukuta saratani. Baada ya wiki chache Mama Pacha alirudi kwenye cherehani yake, akiimba.

Mwaka uliofuata hospitali iliwaalika wote waliotoa sampuli, pamoja na familia zao. Mtafiti alieleza kwamba vipande vyao vimechunguzwa pamoja na vya hospitali nyingine tatu. Wanatafuta kipimo cha kutofautisha uvimbe wa hatari na usio wa hatari, ili watu wasipasuliwe bila sababu. Kipimo bado kinajaribiwa. Vipande vingine vilisafirishwa kwa ndege, ndani ya barafu kavu, ile ya gesi iliyogandishwa.

"Ndege!" Mama Pacha alipaza sauti. "Nyama yangu imepanda ndege, mwenyewe nimebaki chini!"

Ukumbi mzima ulicheka.

"Sasa tunahitaji pia watu wasio na uvimbe," mtafiti aliendelea. "Damu kidogo tu, ya kulinganishia."

Fundi Baridi alisimama wa kwanza. Alisoma fomu neno kwa neno. Aliuliza maswali manne, akajibiwa yote, akatia saini. Kisha akaiona sindano mkononi mwa muuguzi.

"Mama Pacha," alinong'ona, "nishike mkono."

Mama Pacha alimshika. Fundi alifumba macho, akakunja mkono wa shati.

"Haya, dada," alimwambia muuguzi. "Chukua."