Moto wa Maganda ya Kahawa

Gunia lilipasuka katikati ya soko la Mbinga, na maganda ya kahawa yakamwagikia viatu vya Mansuetus, vyeusi, vilivyong'arishwa asubuhi ile kwa ajili ya misa.

"Samahani, kaka," alisema Vitalia, akiinama kuyazoa. Alivaa ovaroli la buluu na kilemba chekundu cha kitenge.

"Haya si maganda ya kiwandani kwetu? Dada, siku hizi mnaiba mpaka takataka?"

"Nyie mnayatupa mtoni, mimi nayaokota. Mwizi nani hapo?"

Mansuetus, fundi mitambo wa kiwanda cha kukobolea kahawa, alicheka, akalibeba gunia mwenyewe hadi kwenye banda la msichana huyo nyuma ya soko. Humo alikuta tanuri la pipa lililounganishwa kwa bomba na injini kuukuu. Vitalia, mzaliwa wa Liuli kando ya Ziwa Nyasa aliyesomea umeme chuo cha ufundi, alimweleza: maganda yakiungua kwa hewa kidogo hutoa gesi, gesi huendesha injini, injini huzungusha jenereta.

"Na wewe unakizungusha kichwa changu."

"Kaka, shika spana."

Mwaka huo wa 2004 simu za mkononi zilikuwa bado ngeni mjini, na zao hazikupumzika.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula masizi. Maganda yako wapi?"

Kila Jumamosi Mansuetus alimletea maganda kwa trekta. Hadi Agosti, meneja wa kiwanda, Bartholomayo, aliyekuwa pia akiuza dizeli mji mzima, alipoamuru maganda yote yachomwe. Vitalia aliona moshi, akakimbilia kiwandani, akamkuta Mansuetus ameshika reki kando ya moto. Hakuuliza. Aligeuka akaondoka, na simu ilipoita alipokea mara moja tu.

"Vita, nisikilize..."

"Nimekuona kwa macho yangu. Usinipigie tena."

Wiki mbili baadaye Mama Walburga, mama yake Mansuetus, aliingia bandani na wanawake wanane wenye vikapu vichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu ameungua mkono akivuta magunia yako motoni, na kazini wamemfukuza. Haya ni maganda ya vinu vyetu vya nyumbani. Washa hicho kitu chako."

Vitalia alimkimbilia Mansuetus nyumbani kwao huku akilia. "Mbona hukuniambia?"

"Si ulinikataza kupiga simu?"

"Na wewe ukatii! Mjinga wangu."

Jumapili walifunga mashine ya kusaga mbele ya banda. Watu walijaa. Bartholomayo alifika amevaa suti ya kijivu.

"Mwanamke wa ziwani, rudi Liuli ukaanike visamaki vyenu vya usipa."

"Usipa nitaanika, na umeme nitawasha. Sogea, bosi, umesimama kwenye njia ya mkanda wa mashine."

Injini ilikohoa, ikazima. Watu wakacheka. Ikazima tena. Mansuetus, mkono ukiwa na bandeji, akalegeza vali ya hewa taratibu, na Vitalia akaizungusha injini mara ya tatu kwa hasira zake zote. Iliunguruma. Taa ikawaka, mashine ikazunguka, unga mweupe ukaanza kushuka. Akina mama wakapiga vigelegele. Bartholomayo aliondoka bila kuaga.

"Vita! Nikuoe?" Mansuetus alipiga kelele juu ya mngurumo.

"Sisikii!"

"Nikuoe?"

Alikuwa amesikia tangu mara ya kwanza. Alimwacha arudie mara ya tatu, soko zima lisikie, ndipo akaitika.