Bodi ni Safi, Kaka

Jua lilikuwa linaaga Fundi Nyundo alipofika kwenye geti lenye kutu, mfukoni ana sumaku, mkononi ana tochi, moyoni ana kinyongo. Sumaku na tochi vilikuwa vya kazi. Kinyongo kilikuwa cha kaka yake.

Nyundo alikuwa fundi wa bodi, wale wanaonyoosha mabati ya magari yaliyogongwa. Mchana ule kaka yake alimpigia simu.

"Mdogo wangu, kuna gari la zamani linauzwa, la aina ileile aliyokuwa nayo baba. Nenda kaliangalie. Ukisema zima, nalinunua leo hii, tulifufue. Ukisema bovu, naacha. Nasubiri neno lako tu."

Neno lako tu! Hebu sikia hiyo. Siku kaka alipouza gereji ya baba yao, nani aliuliza neno la Nyundo? Nyundo alikuwa hospitali, mguu umefungwa plasta. Akatoka na magongo yake, akaenda moja kwa moja gerejini, akakuta geti limetiwa kufuli la mtu asiyemjua. Kaka akafungua duka la vipuri, vioo vinang'aa hadi barabarani. Nyundo akabaki kugonga mabati chini ya turubai uani kwake, kando ya njia, jua lake, mvua yake. Na leo huyohuyo kaka anataka gari la kuchezea, la kupigia picha. Haya, twende tukamkagulie bwana mkubwa.

Geti lilifunguliwa kabla hajabisha.

Aliyefungua alikuwa mzee mwembamba, fundi cherehani mstaafu, utepe wa kupimia nguo bado unaning'inia shingoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiye mnunuzi?"

"Hapana, mimi mkaguzi tu. Mnunuzi ni kaka yangu."

Mzee alimtazama kitambo. "Kaka yako ana watoto?"

"Anao. Mapacha."

Mzee aligeuka, akaongoza njia.

Walipita ndani ya nyumba, kwenye ukumbi mrefu wenye vyumba huku na huku, milango yote wazi. Kila chumba kilikuwa na kitanda, na kila kitanda kimetandikwa vizuri, shuka halina kunyanzi. Viatu vya watoto vilipangwa ukutani, vidogo kwa vikubwa. Vumbi lilikuwa limevifunika mpaka hujui kipi cheusi kipi cheupe. Mtu hakuna. Hata paka hakuna.

"Familia imesafiri, mzee?"

"Tulikuwa wengi hapa," mzee alijibu bila kugeuka.

Gari lilikuwa kwenye banda la nyuma. Mzee alisukuma mlango, kisha akasimama nje. Hakukanyaga ndani.

"Ingia. Mimi nakusubiri."

Lo! Nyundo alisahau kinyongo chote. Gari lilikuwa la kijani kibichi, taa za mviringo, matao ya magurudumu yametuna kama mashavu ya mtoto anayepuliza moto. Magurudumu yalikuwa yamekwisha upepo na kioo cha mbele kina ufa, lakini hayo si ugonjwa. Alilala chali akamulika uvunguni. Chesisi, uti wa mgongo wa gari, imenyooka. Sakafu nzima, kutu ya juujuu tu, ya kufuta kwa brashi na jasho. Akafungua boneti, akashika mkanda wa feni, akauvuta. Injini ikazunguka. Miaka yote hiyo imelala, na haijakwama! Mikono ilimwasha. Gari kama hili baba yake angelivulia kofia.

Sasa ikabaki bodi. Na fundi wa bodi haangalii tu, maana rangi ni muongo. Hugonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Bati zima hulia. Palipozibwa kwa puti, ule unga unaofichwa chini ya rangi, sauti hufa, na hata sumaku ukiiweka inaanguka.

Akaanza mbele. Ngo. Bati. Bawa la kulia, ngo. Bati. Mlango wa mbele, ngo. Bati tupu, halijawahi kuguswa. Akafika mlango wa nyuma.

Ngo.

Ngo.

Akasimama.

Yeye alikuwa amegonga mara moja.

Mwangwi, alijiambia. Banda la mabati lazima litoe mwangwi. Akagonga tena, polepole.

Kimya...

Halafu, kutoka ndani ya gari, polepole vilevile...

Ngo.

Ikaja harufu. Udongo mbichi, uliotoka kuchimbwa sasa hivi. Banda zima lilikuwa la saruji. Nyundo aliinua tochi, akamulika kiti cha nyuma. Ngozi yake ilikuwa safi, haina hata mpasuko. Lakini katikati ya kiti palikuwa pamebonyea, kama mtu amekaa. Mtu hayupo.

Kisha pale palipobonyea pakainuka taratibu, na pakabonyea pengine.

Karibu na dirisha. Upande wake.

Alirudi nyuma hatua moja. Kioo cha dirisha kilikuwa kimeshushwa kidogo, upana wa kidole, na hapo penye upenyo ukatoka mnong'ono.

"Ni wewe... unayenichukua?"

"S-si mimi." Hata hakuijua sauti yake. "Ni kaka yangu."

"Ana watoto?"

Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema hana. Jamani, ni neno moja tu!

"Anao," alisema Nyundo.

"Mwambie aje nao..." mnong'ono ukasema. "Kiti ni kipana."

Alitoka bandani hajui ametokaje. Mzee alikuwa palepale alipomwacha, anavuta utepe wake kwa vidole.

"Umesikia," alisema mzee. Halikuwa swali.

"Mzee, ni nini kile?"

"Sijui. Nililinunua likiwa nacho. Wengine wanasema mwenye gari wa kwanza alikwenda kwa mganga kutafuta utajiri, akaambiwa atoe watu wake, akawatoa. Wengine wanasema vingine. Mimi ninalojua ni kwamba kinamfuata mwenye gari, na wale walio wake. Hakina haja na mwingine."

"Si ungelichoma!"

Mzee alimtazama kama amemtukana. "Nilichome? Na wanangu wakae wapi?"

Nyundo aligeuka akautazama mlango wa banda.

"Nilikuwa nikija jioni nawaita, wananiitikia, mmojammoja," mzee aliendelea, kwa sauti ndogo. "Siku hizi hawaniitikii. Wamenisahau. Ndiyo maana nauza."

"Na kaka yangu, mbona hukumwambia?"

"Aliyeniuzia mimi naye alinyamaza. Sasa unajua wewe. Mwambie wewe."

Simu ikaita mfukoni. Alikuwa kaka.

"Vipi, mdogo wangu? Linafaa?"

Nyundo alisimama pale na simu sikioni. Sitamtetea, maana hakurogwa ulimi wala hakushikwa na mtu. Aliliona lile kufuli getini kwa baba. Aliyaona magongo yake vumbini. Aliwaona wale mapacha, wanapelekwa shule kwenye gari lenye kiyoyozi, wamevaa soksi nyeupe. Na mwanawe yeye, Chiriku, binti yake wa pekee, aliyeitwa hivyo kwa kuongea toka asubuhi mpaka usingizi unamkatia maneno, huyo analala chumba kinachovuja, akihamisha godoro kila mvua inapobadili upande. Waache na wao waonje, roho yake ilimwambia. Waonje kidogo tu.

"Bodi ni safi, kaka," alisema. "Nunua."

"Kweli? Hujui ulivyonifurahisha," kaka alijibu, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho Nyundo hakukijali.

Usiku huo hakula. Mkewe alimuuliza anaumwa nini, akasema uchovu. Asubuhi alishika nyundo akaiweka chini, akaishika tena. Mara mbili alimpigia kaka yake, na mara zote mbili akakata kabla haijaita. Nitamwambia jioni, alijisemea. Nitasema nimekumbuka kasoro, sijui chesisi, sijui nini. Jioni nitamwambia.

Lakini alasiri lori la kubebea magari likaingia uani kwake, kinyumenyume.

Mgongoni kwake kulikuwa na gari la kijani.

Kaka aliruka chini, anacheka na macho yamelowa. Nyuma yake wakashuka mkewe na mapacha. Majirani wakaanza kuchungulia.

"Kaka, mbona umelileta hapa?" Nyundo aliuliza.

"Ningelipeleka wapi? Ni lako! Nimemwambia mzee wa watu aandike jina lako." Kaka alimshika mabega. "Sikiliza, mdogo wangu. Niliuza gereji ya baba wewe ukiwa kitandani. Nilikufanyia unyama, na miaka yote hii mdomo umekuwa mzito kukuomba radhi. Ile siwezi kuirudisha. Nikasema basi nikutafutie gari kama lake, tulifufue pamoja, mimi na wewe, kama alivyokuwa anatufundisha. Nisamehe."

Mke wa Nyundo alipiga vigelegele. Watu wakapiga makofi. Gari likateremshwa taratibu mpaka likatua chini ya turubai.

Nyundo alihisi dunia inamwendea kombo. Jina lako, alisema. Mwenye gari, na wale walio wake.

"Kaka... lirudishe."

"Nilirudishe? Kwa nini?" Kaka alicheka. "Si umesema bodi ni safi?"

"Lirudishe, nakuomba. Kuna kitu ndani. Kwenye kiti cha nyuma. Kinaongea... Nilikisikia jana, kikaniuliza kama una watoto."

Vigelegele vilikatika. Kaka alibaki na kicheko usoni, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kimeshakufa.

"Ulikisikia jana saa ngapi?" aliuliza polepole. "Kabla ya simu yangu, au baada?"

Nyundo aliinamisha macho.

"Nakuuliza, mdogo wangu. Kabla, au baada?"

Kimya chake kilijibu. Kaka aliwatazama mapacha wake, waliokuwa wamesimama na soksi zao nyeupe, wanashangaa watu wazima wana nini. Akamshika mmoja mkono huu, mwingine mkono ule, akawapandisha kwenye lori, mkewe akafuata. Hakumtukana ndugu yake. Afadhali angemtukana. Lori likaondoka, na majirani nao wakakumbuka shughuli zao.

"Chiriku yuko wapi?" mkewe aliuliza.

Harufu ya udongo ilikuwa imeshajaa uani.

Mtoto alikuwa kiti cha nyuma. Alikuwa amejibana pembeni, amemwachia mtu nafasi, na alikuwa anaongea, kama kawaida yake: habari za shule, habari za jino linalotikisika. Akanyamaza kidogo, akaitikia kwa kichwa, akacheka. Nyundo aliuvuta mlango kwa nguvu zake zote, nao ukafunguka kirahisi, kama hakuna aliyeuzuia. Akamnyakua. Mtoto alikuwa katikati ya neno.

Lile neno hakulimaliza.

Hospitali walimmulika koo, wakasema koo zima. Ulimi mzima. Wamtazame tu, huenda ni mshtuko. Anakula, anacheza, anakwenda shule na kurudi. Haongei. Nyumba ile iliyokuwa haina utulivu kwa maneno yake sasa unasikia sufuria inachemka.

Mama yake ndiye aliyegundua. Jioni moja alimtafuta mtoto, akamkuta amejiingiza mwenyewe kiti cha nyuma, na anaongea! Maneno yanamtoka mfululizo, kama zamani. Mama alilia akamkumbatia, akamtoa nje ambusu. Alipotoka tu, kimya. Akamrudisha, akaongea. Akamtoa tena, kimya.

"Tuliuze," Nyundo alisema usiku ule, hakuthubutu kumtazama mkewe usoni. "Likiondoka, labda..."

"Umuuzie nani?" mkewe alimkata. "Umnyamazie nani tena?"

Hajasema naye neno refu tangu hapo. Kaka hapokei simu. Penye duka la vipuri Nyundo hupita upande wa pili wa barabara, kichwa chini.

Na kila jua likianza kwenda, mkewe humwogesha mtoto, humvika gauni safi, humkalisha kiti cha nyuma. Yeye hukaa mbele, mikono mapajani, anasikiliza. Anajua vizuri yuko wapi na yuko na nani. Lakini ni mwanawe, na hapo ndipo sauti yake ilipo.

Jana Nyundo alishindwa kujizuia. Alinyata mpaka kwenye gari, akainama dirishani asikie japo kidogo. Chiriku alikuwa anasimulia mchezo wa rede, nani kapigwa mpira, nani kadanganya. Kisha akanyamaza, kama anayempisha mwingine aongee.

"Ndiyo," alisema mtoto. "Yuko hapo nje."

Nyundo aliweka kiganja kwenye kioo. "Chiriku, mwanangu... ni mimi baba."

Mtoto hakugeuka. Aliyegeuka ni mkewe. Alimtazama mumewe, macho makavu, akanyoosha mkono mpaka nyuma, akakipandisha kioo mpaka juu.