Chupa Tatu za Kuamsha Jino

Fundi cherehani aliye chini ya kliniki anaapa kwa macho yake mawili. Anasema saa nne asubuhi alisikia mlio, akatazama juu, akaona mwanamke amemning'iniza mwanamume dirishani kwa mguu mmoja. Ilipofika adhuhuri, wanaume walikuwa wawili. Jioni kukawa na bomu.

Fundi ana ulimi mrefu kuliko futi yake.

Ukweli ni huu.

Saa tatu na nusu, mfanya usafi alikuwa akipiga deki korido ya kliniki ya meno, ghorofa ya tatu. Ovaroli ya bluu. Barakoa hadi chini ya macho. Ndani ya ovaroli, bastola aina ya Beretta. Sikioni, kidude kidogo kuliko punje ya mahindi.

Kwenye Idara ya Usalama walimwita Sisimizi.

"Sisimizi, unanipata?" Sauti ya Mkuu.

"Nakupata."

"Chupa tatu zimeibwa maabara alfajiri. Ndizo zote tulizonazo. Mnunuzi yuko hapo chumba cha pili. Saa sita ana ndege."

"Mwizi?"



"Daktari mwenyewe wa kliniki hiyo. Mume wa dada yako."

Deki lilisimama. Likaendelea.

"Nimtume mwingine?"

"Hapana."

"Basi sikiliza. Zikae kwenye barafu. Zikipata joto la mwili zinaganda, na zikigandia nje ya jino zimekufa."

Chupani mlikuwa na protini za gamba la jino, zile zinazolijenga jino likiwa bado ufizini. Jino likishatoka, zinatoweka. Ndiyo maana gamba likitoboka, limetoboka. Watafiti walihangaika miaka sita kuzitengeneza upya. Zenyewe hazizibi tundu. Zinaita tu. Seli zilizolala ndani ya jino zikisikia, zinaamka na kujenga ukuta mpya. La mgambo likilia, lina jambo.

Zikivuka mpaka, mnunuzi angeziandikisha kwa jina lake. Kila mwenye jino bovu angempigia magoti.

Sisimizi aliburuta ndoo hadi chumba cha pili. Mlango ulikuwa wazi kiasi cha kiganja.

Mnunuzi alikuwa amejilaza kwenye kiti cha wagonjwa, viatu juu, koti hajavua. Pembeni yake, boksi la barafu.

"Nionyeshe," alisema.

"Tulia, bwana. Hii siyo soda."

Daktari alitoa chupa moja, nyembamba kama kidole. Maji yake yalikuwa maangavu. Akaifumbata kiganjani. Akaisifu, akaeleza, akacheka peke yake, ngumi bado imefungwa. Miaka ishirini alikuwa akifumbata hivyo dawa ya ganzi kabla ya kumdunga mtu, isije ikaingia na baridi ikamchoma. Mkono ulishazoea. Mwenyewe hakujua kama anafanya.

Sisimizi aliona.

Chupa ilikuwa inakufa mbele yake. Lakini koti la mnunuzi lilikuwa limevimba ubavuni, na kiwiko chake kilikuwa juu ya boksi. Akiingia sasa, angepoteza zote.

Akasubiri.

Daktari alifungua kiganja. Maji yalikuwa yamekuwa uji.

"Nini hii?"

"Ngoja... ngoja kidogo..."

"Unaniuzia maziwa ya mtoto?"

"Haki ya Mungu, sasa hivi ilikuwa—"

Glock ikatoka kotini. Ikamtazama daktari katikati ya macho. Kiwiko kikaacha boksi.

Sasa.

Ndoo ilitangulia. Maji ya sabuni usoni. Mti wa deki ukafuata, kifundo cha mkono. Risasi moja ikapasua taa ya dari. Bastola ikateleza chini ya kabati, na mnunuzi akala sakafu.

Pingu.

"Wewe nani?" alikoroma.

"Mfagiaji."

Sisimizi alifungua boksi. Chupa mbili, baridi, maji yake maangavu.

"Mkuu. Mbili hai. Moja imekufa."

"Vijana wetu wanapanda. Toka."

Alishusha barakoa. Daktari akarudi nyuma hadi ukutani.

"Shemeji? Wewe si unauza bima?"

"Leo siuzi."

Pingu ya pili. Mkono wa daktari, mkono wa kiti.

"Mshenzi wewe! Umekula kwangu! Umelala kwangu! Nilikung'oa jino bure!"

"Na uliniumiza."

Daktari aliivuta pingu. Haikukubali. Sauti ikamshuka.

"Dada yako ana mimba ya miezi saba. Presha unaijua. Akisikia hivi, itakuwaje?"

Sisimizi alikuwa akipanga barafu upya, kipande kwa kipande, kuzunguka chupa.

"Mwambie niko semina. Wiki mbili tu. Shemeji, nakuomba. Semina."

Akafunga kifuniko.

Viatu vilikuwa vinapanda ngazi. Alivua ovaroli, akaitundika kwenye kitasa, akapishana na vijana mlangoni akiwa na boksi mkononi kama mtu aliyebeba chakula chake cha mchana.

"Shemeji!"

Nje jua lilikuwa limewaka. Alivuka barabara, akashika upande wenye kivuli, boksi lisipate joto.