Sauti Nyuma ya Muziki

Mwanarehema alikwenda Kongowea kununua vifungo, akajikuta analia mbele ya kibanda cha fundi televisheni.

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwaka 1998 na soko limefurika. Wauza mitumba wanaimba bei, wachukuzi wanafokea watu wapishe njia, nyanya zilizopondeka zinateleza chini ya viatu. Katikati ya zogo lile, kutoka kibandani, ukatoka muziki. Haukuwa taarabu wala wimbo wa sinema ya Kihindi. Kinanda peke yake, polepole, kisha filimbi ikakifuata kinanda kama mtoto anayemfuata mamake matangani. Rehema alisimama na pakiti ya vifungo mkononi, buibui limemteleza begani, asijue machozi yametoka saa ngapi.

"Dada, ni vitunguu au ni mimi?" sauti ikamuuliza.

Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, shati jeupe limepigwa pasi likakaa, bisibisi nyuma ya sikio. Jina lake Mwidani Matano, mtu wa Likoni.

"Nini hicho kinacholia?" Rehema aliuliza akijifuta kwa ncha ya leso.

"Gemu."

"Gemu? Ile ya watoto kupigana mateke?"

"Hii haina mateke. Njoo utazame."

Kwenye televisheni palikuwa na binti amelala kando ya kisima, na askari amempigia magoti. Chini yao maandishi ya Kijapani.

"Yasemaje?"

"Nani ajuaye? Mashine hii aliniletea baharia niitengeneze, meli ikang'oa nanga naye akaenda zake. Mimi nafahamu kwa macho tu. Huyu binti yuko katika kukata roho. Nikibonyeza kitufe hiki, atakufa. Nisipobonyeza, muziki warudi mwanzo, naye aendelea kupumua."

"Basi usibonyeze!"

"Sijabonyeza tangu mwaka jana," Mwidani alisema, na hakucheka.

Hapo ndipo Rehema alipokamatika. Wasichana wengine hukamatwa kwa manukato na kuku wa kukaanga. Yeye alikamatwa na mwanamume aliyemhurumia msichana wa kwenye televisheni. Alijiambia, mtu mwenye moyo kama huu atamdhulumu nani?

Wanangu, moyo laini si ushahidi wa ulimi mkweli. Lakini siku ile nani angemwambia akasikia?

*

Rehema alikuwa fundi wa nguo kwenye duka la Rispa, mama mmoja mnene mcheshi aliyekuja pwani na mumewe mfanyakazi wa reli akakaa moja kwa moja. Simu ya duka ilikuwa ya wateja, lakini kuanzia wiki ile ilikuwa ya Mwidani.

"Rehema! Njoo kwa huyu fundi wako wa redio. Mwambie hii ni simu ya biashara, si ya mahaba."

"Haloo?"

"Rehema wa roho."

"Abee."

"Umekula?"

"Nimekula maharagwe ya nazi. Na wewe?"

"Mimi sili mpaka nisikie sauti yako."

"Mwongo wee! Jana nimekuona na mahamri manne."

"Matatu, wallahi! La nne nilikuwa nimemshikia mtu."

Rispa alikuwa akitikisa kichwa huku cherehani yake inanguruma. "Wacheni mapenzi ya sekunde ishirini ishirini. Mteja akipiga atafikiri tumefilisika."

Siku moja Mwidani alikuja dukani mwenyewe, na vipimo kwenye karatasi.

"Nataka gauni la shangazi yangu, ndiye nikaaye naye. Pamba laini. Liwe wazi nyuma, toka shingoni mpaka chini, lifungwe kwa kamba."

"Wazi nyuma? Shangazi yako ataka kuchekesha mtaa?"

"Mikono yake haiinuki vizuri. Tafadhali, Rehema."

Rehema alilishona kwa siku mbili. Akawaza, mtu wa namna hiyo hulala sana, na mshono wa ubavuni humchoma. Akaihamisha mishono yote mbele, akaifunika kwa utepe wa kitambaa kile kile. Mwidani alipolipokea alilipapasa ndani kwa kidole, machozi yakamlengalenga. Rehema akayahesabu machozi yale kuwa yake.

Katika mwezi wa tatu wa kujuana kwao akamletea kaseti.

"Nimekurekodia muziki wako. Sokoni pana kelele, nimerekodi nyumbani kwenye utulivu. Nimeweka redio mbele ya televisheni, nikafunga dirisha. Muziki huu ni wako, Rehema. Hauna mwenyewe mwingine."

Kisha akasema Jumapili wazee wake watafika Mishomoroni, kwao Rehema, kuleta posa.

*

Mama yake Rehema, Bi Mwanatatu, alikuwa mtu wa wasiwasi. Mvua ikinyesha aliogopa ukuta, isiponyesha aliogopa kisima.

"Kwao wapi?" aliuliza.

"Mtongwe, huko huko Likoni, karibu na msikiti."

"Umefika?"

"Mama! Nifike kwa mwanamume kabla ya posa?"

"Sikukuuliza kama umeingia. Nimekuuliza kama umefika."

Jumatano asubuhi Rehema alikuwa amekaa mkekani akipinda upindo wa gauni lake la Jumapili, la rangi ya samli, lenye shanga kifuani. Kando yake redio inapiga kaseti ile kwa mara ya mia. Bi Mwanatatu alikuwa mlangoni akimenya mihogo. Ghafla kisu kikasimama.

"Rudisha."

"Nirudishe nini?"

"Huo muziki wako. Pana mtu mle ndani."

"Mama, ni kinanda."

"Kinanda hakikohoi."

Rehema alicheka, akarudisha kaseti ili amwonyeshe. Akaweka sikio kwenye spika. Kinanda. Filimbi. Kisha chini kabisa, kama kitu kilichoanguka chini ya kitanda, kikohozi. Na baada ya kikohozi, sauti ya mwanamke, nyonge lakini wazi:

"Mume wangu, njoo unigeuze. Ubavu umekufa ganzi."

Zikafuata nyayo. Kitanda kikalia. Muziki ukaendelea.

Sindano ilikuwa imemwingia Rehema kidoleni mpaka nusu, asiisikie. Damu ilidondoka juu ya gauni la samli. Mara mia amesikiliza! Mara mia amefumba macho na kutabasamu, na mwanamke yule akimwita mumewe sikioni mwake!

"Labda ni jirani," alisema, akiichomoa sindano.

"Jirani huyo ageuzwe na Mwidani?"

Rehema hakungoja kubadili leso. Alikimbia mpaka dukani kwa Rispa, akapiga simu kwenye duka lililo mkabala na kibanda, Mwidani akaitwa.

"Roho yangu! Leo umenipigia wewe?"

"Mwidani, kwako mwakaa nani?"

"Mimi na shangazi. Wajua."

"Na mwingine?"

Soko lilisikika nyuma yake, mtu anauza ndimu.

"Kwa nini wauliza?"

"Nauliza tu."

"Hakuna mwingine," Mwidani akasema.

Rehema aliiweka simu chini taratibu, kama kitu cha moto. Rispa aliutazama uso wake na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

*

Ijumaa mama na binti walivuka feri pamoja. Mtongwe, karibu na msikiti, walimkuta mama mmoja akifagia.

"Salaam aleikum. Twauliza kwa Mwidani Matano."

"Waleikum salaam. Mwidani yupi? Mwidani mwenye mgonjwa? Mlango ule wa kijani. Mmekuja kumtazama? Mungu awalipe."

Rehema alitangulia. Kabla hajabisha hodi aliusikia muziki. Kinanda, filimbi, kinanda.

Shangazi alikuwepo kweli, mwembamba, mikono yake yainuka vizuri kabisa, kwani ndiyo iliyofungua mlango. Akawakaribisha ndani. Televisheni ilikuwa juu ya kabati, binti bado amelala kando ya kisima. Na mbele ya televisheni, kitandani, alikuwa mwanamke kijana, nywele zimesukwa vizuri, wanja machoni. Amevaa gauni la pamba lenye kamba nyuma.

Rehema aliitambua mishono yake mwenyewe. Akashika ukuta.

"Kaa, usianguke," mwanamke akasema. "Mimi ni Mwanamkasi. Wewe ndiwe fundi."

"Amekwambia?"

"Hakuniambia neno. Alipoleta gauni hili nilimuuliza, fundi gani huyu aliyefikiri mbavu zangu? Akanyamaza. Mume akinyamaza, mke amekwisha kujibiwa." Akavuta pumzi. "Mwaka wa nne huu nimelala. Nilijifungua, mtoto hakukaa, na miguu haikurudi. Muziki huu aniwekea ili maumivu yalale. Mchana huibeba mashine sokoni, isipokuwa Ijumaa, jioni huirudisha, nayo hukumbuka pale ilipoachwa."

"Wanichukia?"

"Nilikuchukia. Nisikudanganye, siku mbili tatu nililichukia na hili gauni. Kisha likanifaa." Akatabasamu kidogo. "Nilimwambia mwenyewe aoe, tangu mwaka wa pili. Dini yaruhusu. Lakini nilimwambia, mwanamke utakayemleta ajue kwamba nipo. Wewe ulijua?"

"Sikujua."

Bi Mwanatatu alikuwa amejifunika uso kwa mtandio. Mlangoni kikasikika kishindo cha viatu vinavyovuliwa. Mwidani aliingia kutoka msikitini, kanzu nyeupe, mkononi mfuko wa machungwa. Alimwona Rehema. Mfuko ukamponyoka, machungwa yakabingirika mpaka chini ya kitanda.

"Rehema!"

"Abee," Rehema alisema, na neno lile lililokuwa tamu kwenye simu likatoka limekauka.

"Ningekwambia. Wallahi ningekwambia baada ya posa."

"Baada ya posa, mlango ushafungwa?"

"Niliogopa utakimbia. Mmoja nilimwambia kabla yako, akakimbia."

"Ungeniambia, huenda ningekaa, Mwidani! Ningekuja hapa nikamjua mwenzangu, nikamshonea magauni kumi. Huenda. Sasa hatutajua, wala wewe wala mimi." Akainyooshea mkono televisheni. "Na muziki. Umechukua dawa ya mgonjwa ukanipa mimi kama zawadi. Ukaniambia hauna mwenyewe mwingine."

Mwidani alikaa chini sakafuni, kati ya machungwa. Nyuma yake muziki uliisha, ukarudi mwanzo.

"Rehema," Mwanamkasi aliita. "Nifanyie jambo moja. Huyu hataki kulifanya, na mimi sifiki. Bonyeza hicho kitufe."

"Mkasi, la!" Mwidani aliruka.

"Nyamaza. Wewe wamwogopea huyo binti afe, na mimi mwaka mzima namtazama hali hii, hafi wala haponi. Nimechoka. Nataka kujua kunakuja nini. Bonyeza, mwenzangu."

Rehema alimtazama mama yake. Bi Mwanatatu, mtu wa kuogopa kila kitu, alitikisa kichwa kukubali. Rehema akakichukua kile kishikio chenye waya, akabonyeza.

Muziki ulikatika.

Binti alifumbua macho. Akaketi. Akainuka, akakung'uta nguo yake, akasema maneno matatu ya Kijapani yaliyoandikwa chini, kisha akampita askari akaenda zake njia ya milimani, bila kugeuka. Aliyebaki kando ya kisima, magoti chini, ni yule askari.

"Hakufa!" shangazi alisema, mkono mdomoni. "Kumbe alikuwa anaaga!"

Mwanamkasi alianza kucheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, kile kile cha kwenye kaseti, na Mwidani na Rehema wakamkimbilia wote wawili kwa pamoja, huyu bega, huyu nyonga, wakamgeuza. Mikono yao iligusana chini ya gauni. Rehema aliuondoa wake kwanza.

Kisha alifungua pochi. Akatoa kaseti na betri nne mpya za redio, akaziweka juu ya mto.

"Kwa siku ambazo stima imepotea," alimwambia Mwanamkasi. "Usilale bila muziki."

"Jumapili je?" Mwidani aliuliza.

"Jumapili wazee wako wapumzike."

*

Kwenye feri Bi Mwanatatu alimsogelea bintiye. Alimfunga leso yake upya, kama amfungavyo mtoto.

Kwa hiyo enyi mabinti, mkiletewa kitu kitamu kiasi hiki, wapeni na mama zenu wasikilize. Ninyi mtasikia muziki. Wao watasikia nyumba.

Jumatatu, saa nne asubuhi, simu ya duka ililia. Rispa aliinua, akasikiliza, akaifunika kwa kiganja.

"Ni yeye. Niseme hupo?"

Rehema hakuinua macho kwenye cherehani. Mbele yake palikuwa na pamba laini ya rangi ya samli, ile ya gauni lake la Jumapili, ameifumua yote na kukata palipokuwa na damu. Alikuwa akihamisha mishono ya ubavuni kuileta mbele.

"Mwambie gauni la pili la mgonjwa litakuwa tayari Alhamisi," alisema. "Amtume shangazi."