Siku Tulipopima Njia ya Kanisa

Kila Alhamisi saa nane, akina mama wa kanisa letu hapa Lanet hukutana. Mimi, Wangu, nilikuwa nimekosa mara tano. Nilikaa jikoni nikichambua maharagwe, nikiwasikia wakiimba.

"Mama, pumzisha miguu," aliniambia Sue, mke wa kijana wangu Kihara. "Maji nitakuletea. Chai nitakuletea. Hata Kihara anakutafutia kiti cha magurudumu."

"Kiti cha nani?"

"Chako, Mama. Una miaka sabini na mbili."

Niliendelea kuchambua maharagwe. Walinipenda, najua. Lakini nikikalia kiti hicho, nitainuka tena?

Asubuhi moja Chepchirchir alikuja. Yeye ni mhudumu wa afya wa mtaa wetu. Alinipima presha, ikawa sawa. Akaniambia niinuke kitini mara tano bila kushika meza. Niliinuka.

"Shosho, miguu iko. Mbona hutoki?"

"Ni uzee."

"Uzee tumeupima. Sasa tupime njia."

Sue alicheka. "Njia nayo ina presha?"

Tulitoka watatu. Chepchirchir alihesabu hatua zangu. Kila niliposimama, aliandika sababu. Hatua tisini, nilichoka, na hapakuwa na pa kukaa. Hatua mia moja na hamsini, pikipiki ilinibana kwenye ua. Hatua mia mbili, tulifika kwenye mtaro.

Hapa kwetu kila mwenye ploti amejenga kidaraja cha zege mbele ya geti lake, gari lipite. Pale kona, mahali pa watu wote, hakuna aliyejenga. Kuna ubao mmoja tu, nao unacheza.

"Mimi huishia hapa, narudi nyumbani," nilisema. "Nilianguka mwezi wa tatu."

Sue alishika mdomo. "Mama! Mbona hukusema?"

"Si ungenifungia geti?"

Chepchirchir alimgeukia. "Mzee asipotembea, misuli inaisha. Anakosa watu wa kuongea nao, moyo unalegea. Kumkalisha si kumtunza. Anahitaji njia iliyo sawa, mahali pa kupumzika, na pa kuvukia bila hofu."

Wiki hiyo alitembea na wazee wengine wanane, mmoja mmoja, akiandika. Kisha akaenda na daftari kwenye mkutano wa mtaa.

Jamleck, jirani yetu, alisimama. "Mimi geti langu lina daraja. Huo mtaro wa kona si wangu."

"Nimepima wazee tisa," Chepchirchir akasema polepole. "Saba wanaishia pale mtaroni. Wa tatu kwenye orodha ni mama yako."

Watu walicheka. Jamleck aliketi. Jumamosi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchanganya zege.

Walijenga daraja pana lenye vyuma vya kushikilia. Walipanga mawe kando ya barabara, pikipiki zisitubane. Kihara alileta mabanzi ya mbao kutoka Elburgon, akatengeneza benchi mbili.

Baada ya miezi mitatu, Chepchirchir alitupima tena. Kati ya wale saba, sita walivuka. Wa saba, mama yake Jamleck, alifika benchi ya pili akapata wa kupiga naye gumzo, akakataa kuendelea.

Nami Alhamisi niliingia kanisani wimbo ukiendelea. Mwenyekiti wetu, Mugure, aliacha kuimba.

"Wangu! Nani amekuleta?"

"Nimejileta," nilisema. "Sogeeni nikae."