Wanunuzi Waachiwe Watazame

Mtaa mzima hakuna nyumba safi kama yangu. Ukiingia, vua viatu. Ila usiiname kutazama chini ya kochi, maana huko hata mimi siendi.

Nyumba hiyo tulitaka kuiuza. Ina ngazi ndefu, na magoti yangu yamegoma. Binti yetu alitutafutia vyumba viwili vya chini, jirani naye. Mwenye vyumba alisema atatungoja mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo atampa mtu mwingine.

Wanunuzi walikuja. Wakasema, "Nyumba nzuri, tutawapigia." Simu ikanyamaza.

Mume wangu ni seremala mstaafu. Alimshika kila mnunuzi mkono, akamtembeza mlango kwa mlango.

"Huu niliuranda mwenyewe! Gusa! Gusa tena!"

"Mzee, bafu liko wapi?"

"Tutafika. Kwanza tazama bawaba hii."

Bawaba hiyo nilitamani kumfunga nayo mdomo.

Nikachoka. Nikamwita jirani yetu, mama mmoja dalali wa nyumba. Alipoingia tu, akanusa.

"Mama, humu kuna unyevu." Akaenda moja kwa moja kwenye kalenda ya ukutani. "Hii ni ya mwaka gani?"

"Ya zamani. Sikuiweka kwa ajili ya kuhesabu siku."

Akaifunua. Nyuma yake kulikuwa na doa kubwa la maji.

"Usifiche," akasema. "Mnunuzi akiliona, atajiuliza umeficha nini kingine. Zibeni panapovuja. Ukuta ukauke, ndipo mpake rangi. Wakiuliza, waambieni ukweli: palivuja, tumetengeneza."

Akageukia sebule. "Na makochi matatu ya nini, nanyi mko wawili?"

"La tatu ni la paka," mume wangu akajibu.

"Yuko wapi?"

"Alikufa."

Dalali akashusha pumzi. "Baba, punguzeni vitu. Mtu anataka kuona nafasi ya kuweka vyake. Fungueni mapazia, mwanga uingie. Bomba linalodondosha maji litengenezwe. Halafu wanunuzi wakija, ninyi tokeni."

"Nitoke nyumbani kwangu?"

"Ndiyo. Mwenye nyumba akiwepo, mtu anaona haya kusema kisichompendeza. Anaondoka nacho moyoni, harudi tena."

"Na milango nani atawaeleza?"

"Wataifungua wenyewe, baba."

Tukaanza kazi. Fundi aliziba bomba lililovuja ukutani. Ukuta ulipokauka, tukaupaka rangi. Mume wangu alibadilisha bomba la jikoni huku ananung'unika kama mtu aliyenyang'anywa urithi. Kochi la marehemu paka tukaligawa. Sebule ikawa kubwa mpaka nikajisikia mgeni.

Wakaja mume na mke. Mimi nikateremka kwa jirani mwingine, goti moja baada ya jingine. Mume wangu akasema anakwenda kwa kinyozi.

Baadaye dalali akanifuata, meno yote nje.

"Wameipenda! Nimewaeleza habari za ukuta, wakashukuru kuambiwa ukweli. Wameshakwenda kuandaa malipo. Kamwambie mwenye vile vyumba vya chini kwamba mnahamia."

Kabla sijashangilia, mume wangu akaingia anahema.

"Yule mama hana adabu! Eti rafu zangu za jikoni zimepinda! Eti akihamia tu atazing'oa!"

Dalali akanitazama. Nami nikamtazama.

"Baba," dalali akasema taratibu, "hayo alimnong'oneza mumewe jikoni. Tulikuwa watatu tu. Wewe ulikuwa wapi?"

"Si nimesema? Kwa kinyozi!"

Nikamtazama kichwani. Mvi zake zote zilikuwepo, hakuna hata moja iliyoguswa. Juu yake ulining'inia utando wa buibui, na mabegani alikuwa na vumbi la darini, pale juu ya jiko letu.

"Mume wangu," nikamwambia, "kinyozi gani huyo, badala ya kupunguza anaongeza?"