Hodi ya Tatu

Tamasha la sanaa lilikuwa limeijaza Bagamoyo, ngoma huku, mishikaki kule, na Adila aliingia kwenye hema la vijana wa kompyuta kutafuta kivuli tu. Alivaa dera la zambarau, rangi yake ya tangu shuleni, na mtandio wa rangi ya maziwa. Akatazama kioo kikubwa cha kompyuta mezani, akaduwaa. Mle ndani mlikuwa na mtaa wao, na kuta zake za mawe zilizoliwa na chumvi, na duka la mzee Vinod lenye mlango wa bluu.

"Karibu ucheze gemu, dada," alisema mtu nyuma ya meza, kisha akamtambua. Alikuwa Mikdad.

Bado fulana iliyopauka, bado kidevu chenye ndevu za kuhesabika. Adila alimsalimia kama mtu asiyejali, lakini, tusidanganyane, furaha ilikuwa nyingi kuliko hasira.

Enzi zile za sekondari walikuwa wakicheza gemu kwenye kompyuta dukani kwa Vinod, viti viwili, kibodi moja, feni ikilalamika juu ya vichwa vyao. Gemu yao ilikuwa ya dunia wazi. Unapewa kazi kuu, kumwokoa mfalme anayeumwa, lakini hakuna wa kukulazimisha; ukiona mlima unaupanda, ukiona nyumba unaingia. Adila alitaka kazi iishe. Mikdad alitaka kujua kuna nini nyuma ya kila kilima.

"Mfalme anakata roho, wewe unachuma uyoga," Adila alikuwa akimtania.

"Atangoja, laazizi. Kazi kuu haimkimbii mtu."

Na kweli, mfalme aliwangoja mpaka wakamaliza shule. Hilo ndilo lililomharibu Mikdad. Alikwenda Dar kujifunza kutengeneza gemu, akaondoka bila ahadi na bila kutuma mtu wa kuzungumza na wazee. Simu zikapungua, zikakoma. Adila akaelewa kwamba hatakiwi, akalia akanyamaza. Mikdad, huko aliko, alikuwa akiamini kabisa kwamba anangojwa.

Adila akaketi, akacheza. Uhuru ulikuwa tele. Alipita milango ya watu, akala mkate wa mwenyewe, akalala kitanda asichokijua, na hakuna aliyemuuliza. Akaufuata mtaa mpaka kwao. Barazani aliketi binti mwenye dera la zambarau.

"Karibu. Nilikuwa nakungoja," binti akasema.

Adila akaenda zake mpaka magofu ya Kaole, akazurura, akarudi. Binti alikuwa palepale, na maneno yake yaleyale.

"Nilikuweka wewe," Mikdad alisema kwa haya.

"Nimeona. Mchezaji anaingia atakapo, anaondoka atakapo. Huyu binti ana uhuru gani?"

Mikdad akamtazama yule binti kiooni.

"Umeingia kwetu bila hodi, ukanikalisha barazani miaka yote hii." Kisha Adila akamwambia lililobaki. Haidar, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Zinga, alikuwa ameleta posa, na Mwanamvua, shangazi aliyemlea Adila, alitaka jibu Ijumaa.

Jumatano Mikdad alipiga simu. Adila alisikiliza huku akikata unga wa visheti. Mikdad alikiri kwamba alidhani mapenzi yanakaa mahali pamoja kama yule mfalme, na kwamba hakuacha kumpenda hata siku moja.

"Gemu nimeibadilisha," akasema. "Sasa kila mlango unapigiwa hodi. Mara tatu. Asipoitikiwa, mchezaji anarudi alikotoka, kama tulivyofunzwa madrasani."

"Na yule binti?"

"Ana shughuli zake. Anakwenda sokoni, anakwenda kwa ndugu zake Fukayosi. Akichoka kungoja anaolewa, na mchezaji hawezi kumzuia."

"Wachezaji watalalamika."

"Wameshalalamika."

Adila alicheka, akajikasirikia kwa kucheka. "Hiyo ni gemu, Mikdad," akasema. "Mlango wetu wa kweli unaujua ulipo." Akakata simu.

Ijumaa, baada ya sala, hodi ilisikika nje. Ilikuwa sauti nzito ya mzee Bwanausi, ami yake Mikdad. Shangazi Mwanamvua akachungulia dirishani, akamwona mzee katika kanzu na koti, na nyuma yake Mikdad mwenye kofia mpya na kanzu ya kuazima iliyomzidi urefu.

"Nikiitikia mimi, nitakuwa nimekujibia," shangazi alinong'ona. "Itikia mwenyewe, mwanangu. Au nyamaza."

Hodi ya pili ikaja. Adila akamfikiria Haidar, mtu mwema aliyekuja kwa wakati. Akaikumbuka feni ya Vinod, na viwiko vyao vikigongana juu ya kibodi. Akaiacha hodi ile ipite; Mikdad naye angoje kidogo, aone kungoja kulivyo.

Adila alijua kwamba ikipita moja tena wataondoka, na Mikdad hatamwomba ami yake arudie, maana sheria ile aliiandika mwenyewe. Machozi yakamlenga.

"Hodi," ikasikika tena. Safari hii haikuwa sauti ya mzee. Ilikuwa ya Mikdad mwenyewe.

Shangazi alishusha pumzi, akiifikiria simu ngumu atakayompigia Haidar kule Zinga.

"Karibuni," Adila akasema, akainuka kufungua mlango mwenyewe.